Singa Isiyo na Kichwa

Bwawani, 3 Machi

Mdogo wangu,

Nimekupigia simu mara sita hupokei. Ya saba nilipiga ofisini, akapokea mwanamke wa mapokezi, akaniambia Daktari yuko na mimea, nijaribu baadaye. Nikamwambia mimi nami niko na mimea tangu alfajiri, ila yangu ina maji mpaka magotini. Akakata. Basi nimeona nikuandikie, maana barua ofisini kwenu hairuhusiwi kutupwa.

Juzi wamekuja watu wawili wenye buti mpya wakachomeka ubao pale tunapoingilia bwawani. Unasema bwawa litafukiwa liwe yadi ya malori, na mwenye pingamizi afike ukumbi wa baraza la mji tarehe 28 Mei. Chini wamebandika ripoti ya mtaalamu, wameifunika nailoni isilowe. Nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye tope. Inasema mimea ya hapa ni ndago za kawaida zinazoota kila mahali, na hakuna hata mmoja wenye thamani ya pekee. Nikashuka mpaka kwenye sahihi nijue ni mpumbavu gani huyu. Nikakuta ni wewe.

Ulikuja lini? Mimi niko hapa kila siku ila nikiumwa, na siumwi. Sijaona kivuli chako tangu ulipopata hicho cheo.

Hizo unazoziita ndago za kawaida sisi tunaziita singa. Tuko wanawake saba kwenye kile kibanda changu cha kufumia mikeka, na sote tunakula kwa singa. Wakifukia bwawa, tumekwisha. Nimekufungia tita moja, analeta binti yako, ambaye yeye bado anajua njia ya kwa shangazi yake. Ziangalie vizuri, kisha ifute hiyo ripoti.

Dada yako


Hifadhi ya Mimea Mikavu, Chumba Namba 9
11 Machi

Kwa mleta sampuli,

Barua yako imepokelewa, imegongwa muhuri na kuwekwa kwenye jalada pamoja na sampuli, kama kanuni inavyotaka. Nakukumbusha kwamba jalada hilo halifutwi. Atakayelifungua miaka mia ijayo atasoma kila neno uliloandika, pamoja na lile la upumbavu.

Sampuli yenyewe imefika imeota ukungu kwa sababu ilifungwa kwenye mfuko wa nailoni kama samaki. Haina mizizi. Haina tarehe. Haina kichwa. Ni vijiti vya kijani, na vijiti vya kijani havimwambii mtaalamu chochote.

Kwa faida yako nieleze kidogo. Jamii ya ndago si nyasi, ingawa kila asiyesoma huziita nyasi. Zipo aina maelfu duniani, kuanzia mafunjo marefu kuliko mtu mpaka vile vindago vinavyosumbua bustani. Nyingi zina shina la pembe tatu, na ukizitazama hivihivi zote ni ndugu mmoja. Kinachozitenganisha kiko kichwani, kwenye maua ambayo wewe huyaoni, na ndani ya ua kuna kokwa ndogo kama nusu ya ufuta. Umbo la ile kokwa ndilo jina la mmea. Mengine ni porojo za sokoni.

"Singa" si jina la kitaalamu. Mmea wa bwawa lenu uko kabati la nne, droo ya pili, umeandikwa tangu zamani kuwa ndago ndefu ya kawaida. Ripoti inabaki kama ilivyo.

Mtunza Mimea


Bwawani, 19 Machi

Mdogo wangu,

Hukuniamkia. Umesoma mpaka shikamoo imekutoka kinywani. Na kwa kuwa barua hii nayo itakaa miaka mia, naandika hapa kwa herufi za kusomeka: niliyeiandika ndiye niliyemfuta kamasi huyo Mtunza Mimea mpaka alipofika miaka tisa.

Sasa na mimi nikueleze kidogo, kwa faida yako. Singa hukatwa kabla haijatoa kichwa. Ikishatoa, shina linakauka ndani na mkeka unakatika siku ya kwanza kukaliwa. Hilo anajua kila anayefuma hapa. Kwa hiyo ukiniambia unataka singa yenye kichwa ni kama kumwambia mwashi akuletee tofali lililovunjika ndio ujue ni tofali.

Na usiniambie mtu hatambui mmea bila kichwa. Hapa bwawani ziko tatu. Moja nene, ndani ina sponji, tunazibia dari. Ya pili ina makali, inakata kiganja, hiyo hatuigusi. Ya tatu ni singa. Ukiiviringisha kati ya vidole unazisikia pembe zake tatu, lakini pembe laini, hazichomi. Haioti popote ila kwenye ule upande wa chini ambako maji baridi yanatokea ardhini. Nimewahi kuihamishia kwenye mfereji nyuma ya nyumba mara tatu. Mara tatu imekufa. Wewe unasema iko kila mahali. Nitajie pahala pamoja.

Halafu kuna jambo linanikereketa. Miaka ishirini nimekuwa nikikutumia matita ya singa kila msimu, kwa sababu uliniomba, ukasema hifadhi inahitaji. Yote niliyakata mimi, na mimi sijawahi kukata yenye kichwa. Kama bila kichwa mtaalamu hajui kitu, hilo jina la kabati la nne ulilipata wapi?

Dada yako


Chumba Namba 9, 2 Aprili

Kwa mleta sampuli,

Swali lako la mwisho linaonyesha hujui kazi hii inavyofanywa. Mtaalamu mzoefu huangalia urefu, rangi, mahali mmea ulipokatwa na mimea inayouzunguka. Nimekaa na makabati haya zaidi ya miaka ishirini. Kitabu kinachotumika mashuleni kutambua ndago nimekiandika mimi. Sitajadili uzoefu wangu na kibanda cha mikeka.

Ukitaka kuendelea na mchezo huu, leta mmea mzima: mizizi, shina, kichwa chenye maua na kokwa zilizokomaa, ukaushwe kwenye magazeti chini ya kitu kizito, si kwenye mfuko wa nailoni. Uandike tarehe na kina cha maji. Najua hutaweza.

Jambo jingine, na hili si la jalada, naliandika kwenye karatasi ya pembeni. Tafadhali usipige tena simu mapokezi ukajitambulisha kuwa dada yangu. Wenzangu hapa hawajui kwamba nina ndugu huko, na sioni sababu ya wao kujua. Si kwa ubaya. Watu wa hapa wana maneno.

Mtunza Mimea


Bwawani, 24 Aprili

Mdogo wangu,

Binti yako amekuja Jumamosi. Nilimpa ile karatasi yako ya pembeni aisome, maana miwani yangu ina mkwaruzo na nilidhani nimeona vibaya. Akaikunja, halafu akaniambia: shangazi, afadhali nikwambie. Aliwahi kuingia chumba namba tisa kukusubiri, akafungua kabati la nne, akasoma lebo. Zote, miaka yote ishirini, mahali pa jina la mkusanyaji umeandika "mkata majani wa bwawani."

Mama alipofariki ulikuwa na miaka mitatu. Nilikubeba mgongoni nikikata singa, ukinikojolea, na nilikuwa nakata kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili ulikuwa unakushikilia usitumbukie. Ulikula singa, ukavaa singa, ukasoma kwa singa. Sasa umekuwa mkubwa, mimi nimekuwa mkata majani. Nimeumia, na sioni aibu kusema nimeumia. Wewe ndiye unayeona aibu, na sijui hata unaonea nini, maana tope langu linatoka kwa sabuni.

Hata hivyo kazi ni kazi. Kuna pembe moja ambako hatukati kwa sababu maji ni ya kifuani na chini pananasa miguu. Huko singa zinakua mpaka zinazeeka zenyewe. Niliingia nimefungwa kamba kiunoni, wenzangu wanne wameishika, na mmoja wao akinitukana muda wote kwa umri wangu. Nimeng'oa tatu nzima, na nimeacha nyingine ziendelee. Nimezikausha kwenye magazeti chini ya godoro, nikalala na vichwa vyako siku tano, nikawa nabadilisha magazeti kila asubuhi. Tarehe nimeandika. Kina cha maji: mpaka kifuani, pale mama alipokuwa akikunyonyeshea.

Uliandika kwamba sitaweza. Basi hizo hapo.

Dada yako, upende usipende


Chumba Namba 9, 8 Mei

Shikamoo dada,

Barua hii siigongi muhuri. Naomba ukishaisoma uichome.

Nimezitazama singa zako siku nane. Ile ndago ndefu ya kawaida ina kokwa bapa, yenye pande mbili, na juu ya kila ua kuna vinyuzi viwili. Hizi zako kokwa ina pande tatu na vinyuzi ni vitatu. Hilo si jambo dogo, dada. Ni kama umeambiwa ni ng'ombe, ukafungua mlango ukakuta twiga. Nimepekua makabati yote. Nimewapelekea picha watunza mimea wa hifadhi nyingine tatu, watu ambao wangefurahi sana kunionyesha kwamba nimekosea, na wote wamejibu hawajawahi kuuona. Huu mmea haujaandikwa popote ninapopajua. Unaota kwenye bwawa lako tu.

Uliniuliza jina la kabati la nne nililipata wapi. Nilikisia. Tita la kwanza lilipokuja bila kichwa niliona haya kukurudishia, maana ungeniuliza maswali mengi na nilikuwa mgeni kazini. Nikaandika jina lililofanana kwa urefu. La pili nikaandika kama la kwanza. Baadaye nikaandika kitabu, nikajinukuu mwenyewe. Walipoomba ripoti ya bwawa nilifungua droo nikanakili lebo zangu. Sikuja kwa sababu kuja ni kukutana na wewe mbele ya dereva wa ofisi.

Nitafuta ripoti. Nitasimama mwenyewe baraza la mji tarehe 28 na kokwa zako ndani ya kikopo. Ila kuna tatizo. Wakili wa wenye malori ni mjanja. Akijua mkata singa ni dada yangu, atasema nimegeuza maneno kumwokoa ndugu yangu, na baraza litaitupa ripoti mpya kabla sijamaliza kuisoma. Kwa hiyo ukiniona ukumbini, usiniite. Nikiulizwa kama tunajuana, nitasema hapana. Naomba unikubalie hilo. Ni kwa ajili ya bwawa.

Mdogo wako


Bwawani, 15 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na sijaichoma. Kwanza nilicheka. Miaka ishirini wewe umekisia, na mimi nakukatia vijiti visivyo na kichwa nikidhani naisaidia elimu. Tungegombana siku moja tu mwaka ule wa kwanza, ungeniambia nataka kichwa, ningekutukana, ningekuletea, na leo kusingekuwa na ubao.

Halafu sikucheka tena. Mtu mzima unaogopa dereva.

Nimekubali. Wakikuuliza, sema hapana. Neno moja tu linatosha, na mimi nitakaa mstari wa nyuma na wenzangu, sitafungua mdomo. Hawa wenzangu wanajua nina mdogo wangu mjini, msomi wa majani, nimewasimulia habari zako mpaka wamechoka. Sura yako hawaijui, na siku hiyo sitawaambia. Tutawaambia baadaye, mambo yakishakaa sawa, uje ule nao.

Kwenye tope hapa hakuna anayekucheka. Vaa viatu vizuri tu, usije ukaonekana unaomba kazi.

Dada yako


Chumba Namba 9, 1 Juni

Dada,

Bwawa limepona. Nimepata barua ya baraza leo asubuhi: yadi ya malori itatafutiwa kiwanja kingine, na upande wa chini wote, pamoja na chemchemi, hauguswi. Ukataji wa kufumia mikeka unaruhusiwa kama zamani. Nimeisoma barua hiyo nimesimama.

Nadhani uliona nilivyosema. Sikutetemeka hata kidogo. Nilipopitisha ile kokwa kwenye lenzi, mwenyekiti aliangalia mara tatu. Na yule wakili aliponiuliza kama nina uhusiano wowote na wanawake wa bwawani, nilimjibu kama tulivyokubaliana, akakaa. Mkuu wangu wa kazi alinishika mkono hadharani, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Kuhusu lile kosa la kitabu, mimi na mkuu tumekubaliana kuliita marekebisho. Mmea mpya lazima upewe jina la kitaalamu. Nilifikiria kuupa lako, kweli nilifikiria, lakini watauliza wewe ni nani, na mlango tulioufunga utafunguka. Utapewa la mkuu wangu. Ameshukuru sana.

Nahitaji sampuli nyingine kumi na tano zenye vichwa, za kugawia hifadhi za nje. Maji yamepungua sasa, haitakuwa taabu. Niliwatafuta nje ya ukumbi mlipotoka nikakuta mmekwisha kuondoka. Nilidhani ungesubiri pale getini, tusalimiane kwa mbali.

Mdogo wako


Bwawani, 9 Juni

Mdogo wangu,

Bwawa limebaki, ni kweli, na umelibakiza wewe. Wenzangu walikesha wakiimba. Kesho yake wameingia majini kama kawaida, na mimi nimeingia nao. Hilo sikunyimi.

Lakini wewe unasema ulijibu kama tulivyokubaliana. Hukukaa mstari wa nyuma, kwa hiyo pengine hukujisikia. Wakili alikuuliza: "Una uhusiano wowote na hawa wanawake?" Ukasema hapana. Hapo tulikuwa sawa, na nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa nimeshika ukingo wa benchi. Wakili akawa tayari anageuka kwenda kukaa. Hakuna aliyekuuliza kitu kingine. Ukajirekebisha tai, ukaongeza: "Mheshimiwa, nitafahamiana nao wapi? Hawa ni wakata majani tu, hata kusoma lebo hawajui." Ukumbi ukacheka. Na wewe ukacheka.

Bwawa lilihitaji neno moja. Yale mengine ulijitolea, bila kulazimishwa na mtu, tena yalikutoka vizuri, bila kukwama, kama maneno uliyozoea kuyasema. Nimekaa siku kumi na mbili nikitafuta namna ya kukutetea moyoni mwangu, maana ndiyo kazi niliyoifanya tangu una miaka mitatu. Nimetafuta nikachoka.

Dharau yako nilikuwa naijua. Nilidhani ni ya vidole, ya kwenye karatasi, na kwamba ukinitazama usoni ingekushinda. Ulinitazama usoni. Nilikuwa nimevaa ile shuka ya bluu makusudi ili unione haraka usihangaike.

Sampuli zako kumi na tano zipo. Tumezikausha vizuri, zina mizizi, maua na kokwa, na kila moja ina tarehe. Jina mpe yeyote umtakaye, sisi tutaendelea kuita singa. Mwakani zikitoa vichwa, njoo uchukue mwenyewe au mtume dereva, kamba tutakushikia kama tunavyomshikia mtu yeyote.

Siku ile tukirudi, njiani, mmoja wa wenzangu, yule aliyekuwa ananitukana nilipoingia kwenye maji ya kifuani, alinigeukia. Akaniuliza kama yule bwana mwenye tai ndiye mdogo wangu niliyekuwa nikiwasimulia siku zote, maana aliona kama tumefanana paji la uso. Wote wakasimama kunisikiliza.

Nikawaambia siye.

Mfuma mikeka, Bwawani